Waya wa Njiani kwa Arvella

Habari hii nilipewa na Arvella Stump mwenyewe, kiangazi cha mwaka juzi, tukiwa chini kwenye jiko la kanisa tunavunja maharage mabichi ya kutia kwenye chupa. Alikuwa akisimulia anacheka mpaka maharage yanamponyoka mkononi. Siku yalipomkuta hakucheka.

Nyumba ya Arvella iko ndani kabisa ya bonde, pale milima miwili ilipokaribiana kama watu wanaonong'onezana. Barabara kubwa huioni ukiwa barazani. Iko njia ya kokoto tu, inafuata kijito, inapinda nyuma ya ghala la nyasi, kisha inachomoza uani. Mwisho wa baridi ukungu hushuka asubuhi ukakaa humo kama maziwa ndani ya bakuli, na ghala likaelea, na kuku wakatokea mmoja mmoja kana kwamba wanaumbwa pale pale.

Mumewe Hobert alikuwa amekufa masika yaliyotangulia, mapafu yameliwa na vumbi la makaa ya mgodini. Mbwa wao Tug akafuata kabla majani hayajapukutika. Na tangu kabla ya vifo hivyo viwili masikio ya Arvella nayo yalikuwa yameanza kumuaga, moja likitangulia, la pili likifuata shingo upande. Hakumwambia mtu. Uziwi wake haukuwa giza, alisema, ulikuwa kama theluji: unaamka asubuhi unakuta kila kitu kipo mahali pake, ila kimefunikwa. Kuongea kwenye simu aliacha kwa sababu sauti za watu zilikuwa nyuki ndani ya chupa. Kanisa aliliacha kwa sababu alichoka kuchekelea maneno asiyoyajua. Watu wakimwona kimya wakasema ni majonzi. Baadaye wakasema ni kiburi.

Naye aliona kitu kimoja tu: hakuna mtu aliyekuja. Tangu wamfukie Hobert, hata Denzil Tharp, aliyefanya kazi na Hobert chini ya ardhi tangu wote wawili hawajaota ndevu, hakukanyaga uani kwake.

Badala ya watu, zilikuja alama za magurudumu. Alikuwa akienda nyuma kuwapa kuku chakula, au akijilaza kidogo baada ya kula, na akirudi barazani anakuta matope yamechorwa upya. Gari limefika, limesimama, limegeuza, limekwenda. Akafanya kosa la kumwandikia mwanawe Lonnie kwenye simu.

Lonnie aliishi ng'ambo ya mto, mjini Columbus, akifanya kazi kwenye bohari. Alikuja na pikapu yake, akainama uani akazitazama zile alama kama daktari anavyotazama ulimi.

"Si gari moja hili, Mama. Tazama, gurudumu hili pana, hili jembamba. Yote yanafika hapa yanageuza. Na hakuna hata alama ya kiatu."

"Wanachungulia," alisema Arvella. "Wanalitaka trekta la baba yako."

"Mwizi gani hashuki kwenye gari?"

"Labda mvivu."

Lonnie hakucheka. Alimgeukia uso kwa uso, na hapo mama alimwelewa kila neno, maana midomo ya mwanawe aliijua tangu ilipokuwa inanyonya. "Nisikilize. Ama tujue nani anaingia humu, ama uje ukae kwangu. Kule silali. Kila simu ikilia nadhani wamekukuta umekufa."

Arvella alikijua chumba alichowekewa kule. Kilikuwa na dirisha moja, linatazama maegesho ya magari.

"Basi tujue nani anaingia," alisema.

* * *

Kifaa chenyewe kilitoka ndani ya boksi: kijibomba cheusi kilichozibwa pande zote, waya mrefu wa kuzika, na kijisanduku cha kutundika ukutani chenye kengele ndani. Arvella alitaka kukilipia kwa pesa zake za mayai. Lonnie akamwambia aziweke tu, kuku watamshangaa.

"Hiki hakina jicho, Mama. Kinahisi chuma. Chuma kikipita mbele yake kikiwa kwenye mwendo, kinajua. Kulungu akipita hakijui. Mtu kwa miguu hakijui."

"Na mwizi akija kwa miguu?"

"Basi huyo atakuwa si mvivu."

Alikizika kando ya njia, karibu na ghala, mbali na nguzo ya umeme, kimelala sambamba na mapito ya magari. Akakishindilia mchanga mpaka kikatulia, maana kikitikisika chenyewe kitapiga kelele za uongo. Kisha akachimba mfereji mwembamba kuja nyumbani. Bonde lile ukichimba unavuna mawe, na sululu yake ilikuwa ikitoa cheche. Pale waya ulipokuwa hautoshi akauunga, akatia maungio ndani ya kifuniko chenye mafuta mazito, akazungushia utepe, kwa sababu maji ya pale huingia hata pasipo na mlango.

Arvella alikaa barazani na shali yake. Ukungu ulikuwa unamchukua mwanawe na kumrudisha, unamchukua na kumrudisha, na kila aliporudi alikuwa amefanana zaidi na Hobert, Hobert wa zamani, aliyeijenga njia ile kwa toroli kabla hawajawa na mtoto. Sululu ilipanda na kushuka bila sauti. Ilikuwa kama kutazama watu walio chini ya maji safi. Alisahau kabisa kwamba anatakiwa kuogopa.

Lonnie alipokuwa akimsemesha amempa mgongo, mama alikuwa na majibu yake yanayofaa popote. "Kama unavyoona wewe." "Baba yako naye alisema hivyo." "Kula kwanza." Likimwishia moja anachukua lingine. Mchana walikula maharage na mkate wa mahindi wa kikaangoni, na Lonnie akatoboa ukuta kando ya dirisha la jiko, akaupenyeza waya, akaufunga kwenye skrubu za kijisanduku.

"Sasa mimi nakwenda mpaka barabarani narudi, nakwenda narudi. Wewe kaa hapa. Kengele ikilia, nipungie mkono dirishani."

Hilo nalo lilikuwa rahisi. Dirisha la jiko lilikuwa linaliona ghala. Arvella alisimama amekodoa macho kama paka, na pua ya pikapu ilipochomoza tu, akapunga. Gari likaingia, akapunga. Likatoka, akapunga. Alianza hata kufurahia mchezo. Ndani ya gari Lonnie naye alikuwa akimpungia, anatabasamu, na wote wawili walikuwa na furaha, kila mmoja kwa sababu yake.

Lonnie aliingia akifuta matope miguuni. "Ililia vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Sauti tamu. Kama ya kanisani."

Lonnie alikwenda kukifunika kijisanduku, kwa kuwa kifuniko alikuwa bado hajakirudisha. Mkono wake uliganda hewani.  Kisha akaushika ule waya kwa vidole viwili, akauvuta taratibu amwonyeshe mama yake. Ncha yake ilikuwa wazi, inang'aa, haijashikana na kitu.

"Ulichomoka nilipousukuma ukutani," alisema. "Hakijalia hiki, Mama. Hakijalia hata mara moja tangu kizaliwe."

Arvella alihisi uso wake unawaka. Alisogea kwenye meko akafunua chungu ambacho hakikuwa na haja ya kufunuliwa, akakoroga, akafunika. Alipogeuka alimkuta Lonnie amesimama nyuma yake hatua chache, na kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kinapanda alijua alikuwa akisema naye muda mrefu, tena kwa sauti kubwa.

"Tangu lini?" Hapo alimsoma midomo.

"Tangu kabla hatujamzika baba yako."

"Na hukuniambia!"

"Ungenipakia kwenye gari kama ndama."

"Na sasa nitakupakia! Watu wanaingia uani kwako mchana kweupe, wewe umelala, husikii! Jumapili tunaondoka."

"Lonnie, kule kwako nani ananijua mimi?"

"Na huku nani anakujua?" Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nani amefika hapa tangu tumzike Baba? Nitajie mmoja."

Arvella alitafuta jina. Alipitia bonde zima nyumba kwa nyumba kichwani mwake, milango yote, majiko yote aliyopeleka supu wakati wa misiba ya watu. Hakupata hata moja. Akakaa kwenye kiti, akashika aproni yake.

"Jumapili," alisema.

* * *

Mtoto wa Hobert hajui kuacha kazi nusu. Siku ya pili Lonnie aliurudisha waya kwenye skrubu yake, akakaza. Ndani ya kijisanduku akaona skrubu nyingine mbili zisizo na kazi, za kuwashia kitu kingine kengele inapolia. Akaenda ghalani akang'oa taa ndogo ya ubavuni mwa tela la nyasi, ile ya rangi ya chungwa, akaiunganisha na skrubu zile na betri ndogo, akaifunga juu ya sinki.

"Kwa siku hizi zilizobaki," alisema amemtazama, "walau ujue."

Kisha wakafungasha. Sahani zikavikwa magazeti. Mashuka yakapangwa kwenye maboksi ya ndizi aliyoyaomba Lonnie dukani. Arvella alitembea vyumbani akigusa vitu, na vitu vilikuwa vyepesi mikononi mwake kama vya ndotoni, kiasi kwamba alikuwa akiviweka chini polepole visije vikapaa. Akiketi, alimwona Hobert akipita mlangoni na ndoo. Hakushtuka. Alijua kwamba hayupo, akamwacha apite.

Jumapili mchana pikapu ilikuwa imejaa, imegeuzwa kutazama njia. Lonnie alikuwa ghorofani akiburuta cherehani. Arvella alikuwa jikoni anafunga kikombe cha mwisho, na ukuta mbele yake ukageuka rangi.

Kwanza alidhani ni jua. Ilikuwa rangi ya pichi kwenye chupa ukiinyanyua dirishani. Ikakaa juu ya sinki, juu ya mikono yake, juu ya gazeti. Akatazama dirishani: ukungu tu. Hapo ndipo akaelewa. Chuma kilikuwa kimepita.

Hakumwita Lonnie. Alichukua ufagio akatoka barazani.

Gari jekundu la zamani lilikuwa limesimama uani, limezimwa. Nyuma ya kioo alikaa Oma Cogar, jirani yake wa huko kijito kinakoteremkia, wa tangu ujana, amevaa kofia ya kanisani, mikono yote miwili juu ya usukani. Alipomwona Arvella ana ufagio akashusha kioo.

"Oma!" alisema Arvella. "Ni wewe unayechungulia uani kwangu kama mbweha?"

Oma alikuwa mtu wa mdomo mpana na meno ya bandia, na kila neno alilitafuna kabla ya kulitoa. Kwa Arvella hiyo ilikuwa rehema.

"Kuchungulia! Nimekuja na keki. Nimekuja na supu. Nimekuja mikono mitupu. Nakaa hapa nautazama mlango wako mpaka makalio yanaganda, hutoki! Leo nimesema nakuja mara ya mwisho, na sikuja na kitu. Nimekuja kukutukana."

"Basi si ungegonga?"

"Nigonge?" Oma alijishika kifua. "Mimi askari? Mimi mdai? Lini nimegonga mlango wako, Arvella Stump, lini wewe umegonga wangu?"

 Kwetu mtu hashuki kwenye gari mpaka mwenye nyumba atoke barazani. Anazima gari, anakaa, anaonekana. Akitoka mwenyewe, unashuka. Asipotoka, hataki kuonwa, nawe unageuza gari taratibu bila kinyongo, au na kinyongo kidogo. Anayepanda ngazi za mtu akagonga ana karatasi ya mahakama mfukoni.

"Ungepiga honi," alisema Lonnie. Alikuwa ametoka mlangoni ana cherehani mikononi.

"Honi wanapigiwa wasichana, na vijana wasio na mama," alisema Oma. "Wewe ulizaliwa humu ndani, Lonnie. Huko mjini wamekupangusa akili? Zamani tukifika Tug anabweka, mama yako anatoka anajifuta mikono. Tug amekufa, mama yako akaacha kutoka. Tufikiri nini? Na hivi ulivyonifanyia kaburini, Arvella! Nimekushika mkono nakupa pole, ukanipita kama kisiki."

Arvella aliukumbuka mkono. Aliukumbuka upepo, na watu wenye midomo inayocheza. Alimtazama mwanawe, na cherehani, na pikapu iliyojaa maisha yake, akajua kwamba akisema sasa, anasema mbele ya yule anayemchukua, na hakuna atakayemsaidia kukana tena.

"Sisikii, Oma," alisema.

Hakuwa na hakika kama sauti imetoka. Akakusanya pumzi. "SISIKII! Masikio yamekufa! Sikukupita mimi, sikujua kama umesema!"

Kuku wakatawanyika.  Oma alifungua mlango wa gari akashuka, akapanda ngazi, akamtoa ufagio mkononi akauegemeza ukutani.

"Mjinga wewe," alisema, karibu sana na uso wake, polepole. "Tulidhani hututaki."

"Nami nilidhani hamnitaki."

"Kila mtu amekuja. Wa kanisani wamekuja. Mchungaji amekuja akakaa mpaka akasoma gazeti zima. Denzil amekuja."

"Denzil?"

Oma alitazama pembeni, akakumbuka, akarudisha uso wake mahali ambapo Arvella angeuona. "Alikuja kukuaga. Bintiye alikuwa anamhamisha kwake, pumzi zilikuwa zimemwishia. Bintiye ndiye aliyeendesha. Anasema mzee alikataa waondoke. Alikaa ndani ya gari hapa hapa mpaka kioo kikafanya ukungu. Akasema, mwache, ana huzuni yake. Amekufa baada ya mwaka mpya."

Arvella alishuka ngazi. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja akasimama pale kwenye matope yaliyochorwa, akayatazama, kana kwamba mmojawapo wa mistari ile ungeweza bado kuwa wa Denzil. Theluji ilikuwa imeshuka na kuyeyuka mara nyingi tangu hapo. Alilia bila kujua kama analia kwa sauti.

Lonnie aliweka cherehani chini. "Lakini bado hasikii," alimwambia Oma. "Moto ukiwaka je?"

"Ile taa ya gari niliyoiona ikiwaka dirishani nilipoingia nani ameifunga?"

"Mimi. Gari likipita njiani inawaka."

"Basi utashindwa taa ya moto?" Oma alikuwa tayari anarudi garini. "Usiondoke na huyu mama kabla sijarudi. Ukiondoka nitakufuata Columbus nikagonge."

* * *

Taa ya chungwa iliwaka kabla chai haijachemka. Arvella alitoka barazani, na mtu akashuka. Akarudi jikoni, ikawaka tena. Akatoka. Ilimchosha akaacha kuingia ndani, akasimama pale pale anajifuta mikono isiyokuwa na maji, na magari yakatoka kwenye ukungu moja moja, taratibu, taa zake zimezungukwa na duara kama mwezi wa mvua. Walikuja na siagi ya tufaha ya kupaka mkate, na nyama ya nguruwe ya chumvi, na bakuli zilizofunikwa taulo. Kila mmoja alifungua kinywa wazi sana alipomsalimu, kama watu wanaoimba. Oma alikuwa amewafundisha.

Na kila aliyeshuka aliikuta pikapu imejaa. Hakuna aliyeuliza. Mtu alikuwa akimpa Arvella mkono, anageuka, anachukua boksi moja begani, anaingia nalo ndani. Mwingine akachukua la sahani. Mchungaji akachukua godoro. Lonnie alisimama na kamba mkononi, hajui amzuie nani, huku uamuzi wake ukibebwa mbele ya macho yake kipande kwa kipande na watu waliokuwa wakimwuliza habari za kazi. Boksi la mwisho, la mashuka, lilibaki peke yake. Akaliangalia. Kisha akalikumbatia akaliingiza mwenyewe.

"Utakwenda kwa daktari wa masikio," alimwambia mama yake mlangoni. "Wiki hii hii."

"Nitakwenda."

"Na ukinidanganya tena..."

"Kula kwanza," alisema Arvella.

Watu walikaa mpaka bonde likaanza kupoteza rangi. Waliongea, na yeye aliwatazama wakiongea. Maneno yalimpita kama kijito kinavyopita chini ya barafu. Unajua kwamba maji yapo. Alisikia kwa miguu, kwenye mbao za sakafu, vicheko vinavyopanda kutoka viti vya watu mpaka kwenye nyayo zake.

Walipokwisha kwenda, Lonnie alijinyoosha kwenye kochi katikati ya maboksi, akasema jambo akiwa ameutazama ukuta, akalala na viatu. Arvella hakumwuliza amesema nini. Alimvua viatu, akafungua boksi lililokuwa karibu, akatoa shuka akamfunika. Akaketi kando yake. Alitaka kukaa macho kidogo amfikirie Denzil, jinsi alivyokaa na kofia yake nyuma ya kioo, na alikuwa bado anamfikiria, anamfutia kioo kwa mkono wake, usingizi ulipomchukua.